Shamba la babu kule Kainam

Kwetu Singe, mjini Babati, ukimwuliza Mwiraqw kwao hasa ni wapi, atakuonyesha juu: Mbulu. Nami mwezi uliopita nilipanda huko na shangazi yangu kuwaona jamaa zetu wa Kainam. Basi likapita Dareda, likaukwea ukuta wa Bonde la Ufa. Shangazi kimya njia nzima.

Kainam ndiko wanakotaja Wairaqw wengi kuwa chimbuko lao. Walijazana kwenye vilima vile, ng'ombe wakilala ndani ya nyumba na samadi ikirudi shambani, maana bondeni kulikuwa na mashambulizi ya Wamasai, na mbung'o pia. Karne ya 20 ndipo waliposhuka kwa wingi. Miaka ya 1940 na 1950 serikali ya kikoloni ilifyeka mapori ya mbung'o, ikataka na mifugo ipunguzwe. Babu alishuka wakati huo. Sisi tuliambiwa alikuta pori tupu. Si kweli, Wagorowa walikuwapo Babati kabla yake.

Shangazi akauliza shamba la baba yake liko wapi. Baba mkubwa akacheka, akaonyesha mahindi ya jirani.

"Liligawiwa mliposhuka. Mngebaki wote hapa tungekula nini?"

Shangazi hakujibu. Jioni mzee mmoja alipotoa slufay, ile sala ndefu ya baraka, aliitikia kwa sauti kuliko wote. Mimi maneno mengi sikuyaelewa.