Ndonya, Jasi na Kipini: Mapambo ya Mwilini katika Pwani ya Kilwa na Lindi

Waandishi wengi walioeleza habari za pwani ya kusini ya Tanzania wamezoea kuyagawa mapambo ya wanawake wa nchi hiyo katika mafungu mawili. Fungu la kwanza ni la miji ya pwani, yaani Kilwa, Lindi na Mikindani: dhahabu, fedha, na shanga zilizoletwa na vyombo kutoka Bara Hindi na Arabuni. Fungu la pili ni la watu wa bara ya karibu, Wamakonde, Wamwera, Wamakua na Wayao: vipande vya mti vilivyochongwa na kutiwa katika mdomo, pua na masikio. Fungu la kwanza limehesabiwa kuwa kazi ya sonara. La pili limehesabiwa kuwa desturi ya kujiharibu uso, na kisha ikatafutwa sababu ya kuwaudhuru watu walioifuata. Kusudi la makala hii ni kuonyesha kwamba mgawanyo huo hauna msingi, si katika historia wala katika lugha, na kwamba mapambo yote hayo ni tawi moja la sanaa ya uchongaji ambayo mahali pake ni mwili wa mtu.

Msomaji akumbuke kwamba pwani na bara ya sehemu hizi hazikupata kutengana. Wakati wa Wajerumani Uwanda wa Makonde ulitawaliwa kutoka mji wa Lindi, na Mkoa wa Lindi wa leo ulikatwa kutoka Mkoa wa Mtwara mwaka 1971 tu. Kwa hiyo twaweza kuitazama nchi yote, tangu Kilwa hata mto Ruvuma, kama uwanja mmoja.

Ushahidi wa maneno

Yafaa kuanza na maneno, kwa sababu mara nyingi lugha huhifadhi mambo ambayo mwandishi wa historia ameyasahau. Majina ya mapambo katika Kiswahili hayatokani na thamani ya kitu. Hayatuambii kama kitu ni cha dhahabu au cha shaba. Mengi yatuambia umbo lake. Kipini ni mpini mdogo, na ndilo jina la pambo la pua, maana lina kichwa na kijiti kama kishikio cha kisu. Furungu ni tunda kubwa la jamii ya mchungwa. Na jina hilo hilo ni la pambo nene la mguuni, la fedha, lililo wazi ndani na lililovimba nje. Kekee ni chombo cha seremala cha kutobolea, na pia ni bangili pana iliyo bapa. Jasi ni kisahani kinachokaa ndani ya tundu la sikio, na tundu lenyewe lina jina lake, ndewe.

Maneno yaliyotoka ng'ambo ni machache, nayo aghalabu yahusu mfanyaji na biashara kuliko umbo: sonara ni neno la Kihindi, na bangili vivyo hivyo. Lakini kitendo cha kuutayarisha mwili kimebaki na maneno ya Kibantu, kama vile kutoga masikio na kutoja chale. Ndonya nalo limeingia katika kamusi za Kiswahili kama jina la pambo la mdomo wa juu, wala halikuhitaji kufasiriwa kwa watu wa Lindi.

Neno moja lastahili kuangaliwa zaidi, nalo ni nembo. Leo tukilisikia twafikiri alama ya serikali, ya chama au ya kampuni. Lakini maana yake ya awali ni chale za usoni au mwilini zinazomtambulisha mtu na watu wake, na Wamakonde hutumia neno la shina hilo hilo kwa michoro yao ya ngozi. Hivyo neno ambalo sasa lapigwa katika karatasi za ofisi lilikuwa kwanza kazi ya kisu juu ya ngozi.

Habari za kale za Kilwa

Ibn Battuta alifika Kilwa mwaka 1331, wakati wa Sultani al-Hasan bin Sulaiman aliyeitwa Abul-Mawahib. Katika habari fupi alizoandika alitaja msikiti na nyumba za miti, akasifu ucha Mungu wa Sultani na ukarimu wake. Akataja pia kwamba wenyeji wengi walikuwa weusi wenye chale usoni. Jambo hili limepitwa upesi na wasomaji wengi, kana kwamba lilikuwa la watu wengine na si la mji ule. Lakini msafiri yule alikuwa akieleza watu wa Kilwa yenyewe, katika siku ambazo dhahabu ya Sofala ilipita bandarini mwao. Kwa hiyo mji uliokuwa na dhahabu ulikuwa pia mji wa nembo za usoni, na mambo hayo mawili hayakuonekana kupingana.

Wachimbaji wa mabaki ya kale wametupa ushahidi mwingine. Neville Chittick alichimba Kisiwani katika miaka ya 1960, na kitabu chake kikubwa juu ya Kilwa kilitoka mwaka 1974. Katika tabaka za chini, zilizotangulia wakati wa utajiri, yalionekana makombe yaliyofanywa shanga, pamoja na vigae vya vyungu vyenye mifuo mirefu. Mifuo hiyo ndiyo iliyotumika kusugulia vipande vya makombe mpaka viwe mviringo na sawasawa. Shanga za vioo kutoka ng'ambo ziliongezeka baadaye. Yaani watu wa Kilwa hawakufundishwa kujipamba na wafanya biashara wa ng'ambo. Walikuwa na ufundi wao na vipimo vyao, na mgeni aliyeleta shanga zake ilimpasa azilinganishe na jicho la mnunuzi.

Mreno Duarte Barbosa, mwanzoni mwa karne ya 16, aliandika kwamba watu wa Kilwa walivaa nguo za hariri na pamba zenye dhahabu, na wanawake wao walikuwa na mikufu na vikuku vya dhahabu na fedha mikononi na miguuni, na vito masikioni. Utajiri huo ulikuwa umekwisha kuguswa. Mwaka 1502 Vasco da Gama alimlazimisha Amiri Ibrahim atoe kodi ya dhahabu, na mwaka 1505 Francisco de Almeida aliuteka mji na kuupora. Dhahabu iliyotolewa kama kodi ilipelekwa Ureno, na Mfalme Manuel akaamuru ifanywe chombo cha ibada, ambacho kazi yake ilikwisha mwaka 1506 na husemwa kuwa ni ya sonara Gil Vicente. Chombo hicho kimehifadhiwa katika makumbusho ya sanaa za kale mjini Lisbon, na huhesabiwa miongoni mwa kazi bora za usonara wa nchi ile. Madini yale yale, yakiwa katika mkono wa mwanamke wa Kilwa, yalitajwa katika mstari mmoja wa safari. Yalipogeuzwa umbo huko Lisbon yakaitwa sanaa.

Mapambo ya fedha

Katika karne ya 19 fedha ilishinda dhahabu katika miji ya kusini. Riale za Maria Theresa, zilizopigwa Austria na kutumika pwani yote, ziliyeyushwa na masonara na kufuliwa mapambo. Desturi za Waswahili, kitabu kilichotolewa na Carl Velten mwaka 1903, ambacho sehemu yake kubwa iliandikwa na Mtoro bin Mwinyi Bakari wa Bagamoyo, chaeleza mapambo ya wanawake wa mrima, na mengi ya hayo yalikuwa pia Kilwa Kivinje na Lindi.

Tukiyatazama kwa macho ya mchongaji, twaona kwamba thamani yake haikuwa katika uzito wa fedha peke yake. Furungu lilifuliwa likawa tupu ndani ili liwe kubwa bila kumlemea mwenye kulivaa. Majasi yalihitaji ndewe iliyopanuliwa polepole tangu utotoni, hata sikio likaweza kukipokea kisahani na kukishika kwa mvuto wake lenyewe. Hakuna kamba wala pini. Ngozi ndiyo sehemu ya pili ya pambo, na bila hiyo jasi ni kipande cha fedha tu.

Ndonya

Kanuni hii ya jasi ndiyo kanuni ya ndonya. Dr. Karl Weule, Mjerumani wa makumbusho ya Leipzig, alifika Lindi mwaka 1906, siku ambazo Vita vya Maji Maji vilikuwa vikiisha, akapita Masasi na Chingulungulu hata Newala. Kitabu chake kilitoka mwaka 1908, na mwaka 1909 kikafasiriwa kwa Kiingereza na Alice Werner, ambaye baadaye alikuwa Profesa wa Kiswahili na lugha za Kibantu katika Chuo Kikuu cha London. Weule aliona ndonya kwa wanawake wa Kimakonde, Kimwera na Kimakua, akaeleza jinsi zilivyotiwa. Mdomo wa juu wa msichana ulitobolewa, tundu likatiwa kijiti chembamba, kisha kikubwa kuliko hicho, na ukili uliokunjwa ulitumika kulipanua tundu kwa nguvu yake wa kutaka kukunjuka, mpaka likaweza kupokea kisahani. Kazi hiyo ilichukua miaka, nayo ilikwenda pamoja na kukua kwa mwanamke.

Kisahani chenyewe mara nyingi kilikuwa cha mpingo. Kiini cha mti huu ni cheusi, kigumu, na kizito hata chazama majini. Fundi aliyekichonga alikuwa na kazi ngumu kuliko inavyodhaniwa: ukingo ulipaswa kuwa na mfuo wa kushikwa na mdomo, uso wake uwe laini, na kipimo kilingane na mtu mmoja tu. Vipini vya pua vya mti huo huo vilikuwepo pia, vingine vikiwa vimetiwa nakshi ya bati. Hapa pwani na bara zakutana waziwazi, maana kipini cha fedha cha Lindi na kipini cha mpingo cha Newala vina jina moja, umbo moja na mahali pamoja.

Kwamba Wamakonde wenyewe waliihesabu ndonya kuwa sehemu ya umbo zuri la uso wa mwanamke, twaona katika vinyago vya mapiko. Mchongaji aliyefanya uso wa mwanamke aliutia ndonya, na chale akazifanya kwa nta juu ya mti. Kama ndonya ingalikuwa kasoro iliyovumiliwa kwa sababu ya hofu, mchongaji asingalikuwa na haja ya kuitia katika kinyago cha ngoma.

Hoja ya utumwa

Yasemekana mara nyingi kwamba ndonya ilibuniwa ili kuwafanya wanawake wawe wabaya machoni pa wateka watumwa. Hoja hii ina huruma ndani yake, maana utumwa wa nchi hii si jambo dogo. Mwaka 1776 Mfaransa Morice alifanya mkataba na Sultani wa Kilwa wa kupewa watumwa 1,000 kila mwaka, na katika karne ya 19 Kilwa Kivinje ilikuwa bandari kuu ya biashara hiyo, mpaka mkataba wa 1873 ulipoipiga marufuku baharini. Lakini hoja yenyewe haisimami, kwa sababu tatu.

Kwanza, Livingstone aliikuta ndonya, kwa jina la pelele, kwa Wamang'anja wa mto Shire. Hao walikuwa miongoni mwa watu waliotekwa sana na misafara iliyokwenda Kilwa, na mwezi Julai 1861 yeye na wenzake waliwafungua mateka wengi wa nchi ile. Pambo halikuwakinga. Pili, Wamakonde walikingwa na nchi yao: uwanda wa juu, vichaka visivyopitika, na uhaba wa maji uliomchosha mgeni. Tatu, wenyewe walipoulizwa hawakutaja watumwa. Chifu mmoja aliyeulizwa na Livingstone alijibu kwa mshangao kwamba ni kwa ajili ya uzuri, kwani wanaume wana ndevu na wanawake hawana. Msafiri alilichukua jibu hilo kuwa mzaha. Lakini lilikuwa jibu kamili: uso wa mtu mzima wahitaji kitu cha kuukamilisha, na asichopewa mwanamke kwa maumbile hupewa na fundi.

Hoja ya utumwa, ingawa yataka kuwatetea wanawake hao, yawanyima jambo kubwa. Yawafanya watu waliokuwa wakikimbia tu, ambao hata uso wao ulitengenezwa na adui. Ushahidi wasema kwamba walikuwa na kipimo chao cha uzuri kabla ya adui kufika, na wakabaki nacho alipokuwapo.

Mwisho

Katika karne ya 20 ndonya iliachwa polepole. Mafundisho ya misheni, shule, safari za kazi na aibu ya mijini vilifanya kazi yake, na wasichana hawakutobolewa tena. Majasi makubwa na mafurungu nayo yalipungua, na mengi yaliuzwa au kuyeyushwa. Mpingo haukuisha thamani: misitu ya vijiji vya Kilwa ilipata mwaka 2009 cheti cha kimataifa cha utunzaji, na mti wake hutafutwa na watengenezaji wa zumari za Ulaya. Fundi wa ng'ambo hulinganisha kipande cha mpingo na pumzi ya mpigaji, kama vile fundi wa Newala alivyokilinganisha na mdomo wa mwenye kukivaa.

Kazi inayowapasa wataalamu wa lugha ni ya maneno. Vitu vyaweza kutazamwa katika makumbusho ya Leipzig na kwingineko, lakini kabati la kioo haliwezi kutuambia ukingo wa ndonya uliitwaje, wala ukubwa wa kila umri ulikuwa na jina gani, wala mtu aliyetoga alilipwa nini na kuitwa nani. Maneno hayo yatafutwe katika Kimakonde, Kimwera na Kimakua pamoja na Kiswahili cha Lindi na Kilwa, yawekwe sambamba, na kila moja liandikwe na mahali lilipopatikana. Na kamusi zitakapotengenezwa upya, yafaa ndonya ielezwe kwa namna ile ile ya jasi na kipini: pambo la kuchongwa, sehemu ya mwili linapovaliwa, na watu waliolivaa.