Maji ya Moto ya Kaze na Upepo wa Nyanda za Juu

Juma lililopita tuliifuata njia ya misafara kutoka Bagamoyo, tukapita Ugogo, tukafika Unyanyembe. Leo hatuondoki Tabora upesi. Tutakaa hapa na sufuria ya maji motoni, maana nataka kuwaeleza jinsi maji hayo yalivyoingia katika ugomvi mkubwa wa wataalamu wa Uingereza.

Tarehe 7 Novemba 1857 Waingereza wawili, Richard Burton na John Hanning Speke, waliwasili Kaze, makao ya wafanya biashara Waarabu, hapa hapa Tabora. Walipokewa vizuri na Snay bin Amir, mtu aliyezijua sana habari za maziwa ya bara. Katika msafara wao alikuwamo Sidi Mubarak Bombay, Myao, ambaye baadaye alipata sifa kubwa katika safari nyingine. Kazi yao ilikuwa kuyatafuta maziwa hayo na kuipima nchi. Na moja ya mambo waliyotakiwa kupima ni hili: ardhi hii imeinuka kiasi gani juu ya bahari?

Swali hilo si rahisi kama linavyosikika. Kwa reli, kutoka Dar es Salaam mpaka Tabora ni zaidi ya kilometa 800. Bahari haionekani, wala hapana kamba ya kunyosha. Basi walitumia maji. Pwani maji huchemka yakifika digrii 100, au 212 kwa kipimo cha Farenhaiti walichotumia wao. Ukipanda juu, hewa iliyobaki juu ya kichwa chako ni kidogo, haiyakandamizi maji kwa nguvu ile ile, nayo huchemka mapema. Hapa Tabora huchemka kwa digrii 96 hivi. Mama aliyehamia Chemchem kutoka Bagamoyo huenda ameona maharagwe yake yanachelewa kidogo kuiva. Asilaumu kuni.

Hesabu yenyewe ni nyepesi. Kila digrii moja inayopungua chini ya 100 ni kama meta 300 za kupanda. Tabora zimepungua digrii nne; nne mara 300 ni 1,200, na kweli mji wetu uko karibu na meta 1,200 juu ya bahari.

Lakini tazameni hiyo 100 tunayoanzia. Ni kweli pale tu hewa ya pwani inapokuwa na uzito wa kuisimamisha zebaki milimeta 760, na hewa ya pwani haikai siku zote namna moja. Kama hapana mtu pwani anayesoma kipimo siku ile ile, msafiri hana budi kushika namba moja ya kuanzia na kuitumaini. Tena hana budi kukitumaini kipima-joto chake, na katika safari ile vyombo vingi viliharibika njiani.

Februari 1858 walifika Ziwa Tanganyika, wakalipima wakapata futi zipatazo 1,850 juu ya bahari. Tarehe 3 Agosti mwaka ule ule Speke, akiwa na Bombay, bila Burton aliyebaki Kaze, aliliona ziwa kubwa la Nyanza. Kipimo chake huko kilikuwa futi 3,700 na kidogo zaidi. Sasa tunajua kwamba Nyanza alilipatia vizuri mno, maana liko kama futi 3,720. Tanganyika hawakulipatia hata kidogo: liko kama futi 2,530. Wamepungukiwa karibu futi 700. Kosa la namna hiyo lataka digrii moja na robo tu ya Farenhaiti.

Speke alisema Nile yatoka Nyanza. Burton alikataa. Walikuwa wakutane mbele ya wataalamu katika mji wa Bath tarehe 16 Septemba 1864, na siku moja kabla Speke alikufa kwa risasi ya bunduki yake mwenyewe. Burton akaendelea na hoja yake: maji ya Tanganyika hutoka upande wa kaskazini, yakaenda Ziwa Albert, na huko ndiko ilikoanzia Nile. Naye Samuel Baker, aliyefika Albert Machi 1864, alilipima akapata futi 2,720. Maji hayapandi kutoka 1,850 mpaka 2,720, kwa hiyo Burton ilimpasa akitilie shaka kipimo cha safari yake mwenyewe.

Na hapa ndipo panaponifurahisha mimi. Baker naye alikosea, tena kwa kuzidisha: Albert liko kama futi 2,030 tu. Yaani kwa vipimo vya kweli Tanganyika liko juu ya Albert, na maji yangaliweza kuteremka kama Burton alivyotaka. Vipimo vya uongo viliwapa watu jibu la kweli! Jambo lenyewe lilikatwa kwa mtumbwi. Novemba 1871 Livingstone na Stanley walikwenda mpaka kaskazini mwa ziwa, wakaona mto Rusizi unaingia ziwani, hautoki. Februari 1872 walikuwa Kwihara, jirani zetu, na nyumba waliyokaa imefanywa makumbusho.

Sasa mtaniuliza, upepo unaingia wapi? Hewa ile ile nyepesi inayoyaacha maji yachemke mapema ndiyo inayosukuma mapanga ya mitambo ya umeme wa upepo. Kenya, karibu na Ziwa Turkana, ipo mitambo 365 iliyozinduliwa rasmi mwaka 2019. Kwetu Mufindi, mradi wa Mwenga ulianza na mitambo mitatu mwaka 2020. Siku hizi mtambo wa namna hiyo, kabla ya kujengwa, mainjinia hutazama kwa kompyuta jinsi hewa inavyopita kwenye mapanga. Jibu wanalolitaka ni sehemu: katika nguvu yote ya upepo uliopita, mtambo umekamata ngapi katika mia? Ili kuipata sehemu hiyo, yapasa kuiambia kompyuta namba za kulinganishia: uzito wa hewa katika kila meta moja ya ujazo, mwendo wa upepo kabla haujafika kwenye mtambo, na ukubwa wa duara linalozungukwa na mapanga.

Programu nyingine huja na namba hizo zimekwisha kuwekwa: uzito kilo 1.225, ambayo ni hewa ya usawa wa bahari kwa joto la digrii 15, na eneo meta moja ya mraba. Ukisahau eneo, utajijua mara moja. Mtambo wenye duara la upana wa meta 52, kama ile ya Turkana, una eneo la meta za mraba zaidi ya 2,100, na jibu litakuwa la kichekesho. Mjerumani Albert Betz alionyesha zamani, mnamo 1920, kwamba hapana mtambo uwezao kukamata zaidi ya 59 na kitu katika mia. Ukipita hapo, rudi ukazitazame namba zako.

Uzito wa hewa ndio mdanganyifu. Tabora, siku ya joto la digrii 23, meta moja ya ujazo ya hewa ina kama kilo 1.04. Injinia akiupitisha upepo wa kilo 1.04 kwenye mapanga, kisha akaiacha 1.225 katika namba za kulinganishia, upepo wenyewe ndani ya kompyuta haubadiliki hata chembe, kama vile Ziwa Tanganyika halikusogea kwa ajili ya kipima-joto cha Waingereza. Bali mtambo unaokamata 42 katika mia utaandikwa 36. Namba zote mbili zaelekea kuwa za kweli, zote ziko chini ya kikomo cha Betz, na mtambo mzuri waweza kukataliwa bila mtu kushtuka.

Viongozi wa vikundi, wenye kipima-joto kinachofika digrii 100 na kupita, chemsheni maji kabla ya somo lijalo. Kwanza kitieni katika barafu inayoyeyuka, mwone kama kinasoma sifuri. Kisicholala sifuri, andikeni kimekosa kwa kiasi gani. Kisha kisomeni katika maji yanayochemka. Juma lijalo tutaendelea na njia kuelekea Ujiji. Kwaherini.