Hesabu ya Masafa katika Njia ya Kasongo na Kabambare

Wapo leo wasafiri, na idadi yao yazidi kila mwaka, ambao hawakati tiketi ya ndege kabla ya kuuliza ni maili ngapi zitaandikwa katika daftari lao, na ambao wako radhi kuzunguka nusu ya bara na kulala juu ya viti vya uwanja wa ugenini, madhali mzunguko huo utawaongezea akiba watakayokuja kuibadili kwa tiketi ya bure. Desturi hii ni changa. Shirika la American Airlines lilifungua daftari lake la AAdvantage mwaka 1981, mashirika mengine yakafuata kwa hima yasije yakakimbiwa na wateja, na katika pande zetu abiria wa Ethiopian Airlines huandikiwa maili zake katika ShebaMiles. Walakini rai yenyewe, kwamba masafa aliyokwisha kuyakata mtu ni mali, na kwamba mali hiyo yaweza kutunzwa na kutumiwa siku nyingine, haikungoja ndege. Nayo ilitumika kwa ukamilifu wake, na kwa ukatili wake pia, katika njia iliyotoka pwani ya Mrima ikapita Tabora na Ujiji, ikavuka ziwa Tanganyika, ikaingia Manyema kwa mlango wa Kabambare, hata ikafika Kasongo na Nyangwe upande wa mto Lualaba.

Tazama ramani kwanza. Mstari ulionyoka kutoka Ujiji hadi Kabambare hauzidi sana kilomita 220, na ukiuendeleza hata Kasongo wapata kama 340. Ndege ndogo ya mapanga ingeumaliza kwa saa moja na zaidi kidogo, na abiria wake angeandikiwa maili 210 hivi, kiasi kisichomfaa kwa lolote. Daktari Livingstone aliondoka Ujiji tarehe 12 Julai 1869, akafika Kabambare, mahali alipopaandika Bambarre, tarehe 21 Septemba, yaani siku 71 kwa masafa hayo ya mstari ulionyoka. Tena hakwenda kwa nguvu zake mwenyewe, bali alifuatana na msafara wa tajiri Muhammad Bogharib, akila katika chungu chake na kutibiwa na watu wake. Aliporudi Kabambare mwezi wa Julai 1870 vidonda vya miguu vilimlaza, akakaa pale mpaka Februari 1871 akingojea watu na bidhaa kutoka pwani, na katika muda wake wa Manyema akaisoma Biblia yake mara nne toka mwanzo hata mwisho. Mzungu huyu alikuwa amekata nchi kuliko karibu wote wa zama zake, na jina lake lilijulikana London. Lakini pale Kabambare masafa yake yote hayakumpatia mpagazi mmoja, kwa kuwa yaliandikwa katika daftari ambalo wenye njia hawakulitambua.

Daftari la wenye njia lilikuwa Unguja. Mtu aliyetaka kwenda bara alihitaji merikani na kaniki za kupimwa kwa doti, ushanga wa rangi ipendwayo na kila nchi (na rangi hizo zilibadilika, ikawa aliyebeba ushanga uliopitwa na wakati amebeba mawe), waya wa shaba, bunduki na baruti, na wapagazi wa kuyachukua hayo yote, kila mmoja na mzigo wake wa kama frasila mbili, ukiacha sufuria, mkeka na posho yake. Njiani alidaiwa hongo na kila mwenye nchi, na hongo haikuwa na bei moja: mgeni alitozwa kwa kadiri ya woga wake, na mzoefu kwa kadiri ya ujuzi wake. Ni wachache waliokuwa na fulusi za kutosha kwa gharama hizo, na kwa hiyo mali ilikopwa kwa Wahindi wa Unguja, akina Taria Topan na wenzake, kwa ahadi ya kulipwa pembe za ndovu baada ya miaka. Sasa tajiri hawezi kumkopesha kila ajaye. Aliyetoka pwani mara ya kwanza alipewa kidogo na kwa masharti mazito. Aliyekwenda akarudi na pembe alipewa zaidi. Na aliyekwenda akarudi mara kadhaa, akafungua nchi ambazo wengine hawakuzifika, huyo alikuwa na itibari isiyo na mpaka. Kila safari iliyotimia ilikuwa dhamana ya safari ifuatayo.

Mfano mkubwa wa hesabu hiyo ni Hamed bin Muhammed el Murjebi, yaani Tippu Tip, ambaye alianza kwa safari ndogo kama kijana wa watu, na aliyeondoka pwani kiasi cha mwaka 1870 kwa safari yake kubwa asirudi Unguja mpaka mwaka 1882. Deni la tajiri lilimngoja muda wote huo, wala hakuna aliyesema limekufa kwa kupita tarehe, jambo ambalo wasafiri wa leo, ambao maili zao hufutwa wakikaa muda bila kupanda ndege, wangeliona kuwa ni ukarimu wa ajabu. Katikati ya miaka hiyo aliweka makao yake Kasongo, akawatia wanawe na jamaa zake katika miji ya jirani. Kutoka hapo hakuhitaji tena kutembea kila hatua mwenyewe, kwani masafa ya watu wake yaliandikwa kwa jina lake.

Tunayo hata bei ya safari moja. Mwezi wa Oktoba 1876 msafiri Mzungu Stanley alimkuta Tippu Tip karibu na Kasongo, akataka kusindikizwa kuingia msitu wa kaskazini ambao wafanyabiashara waliuogopa. Kwa maelezo ya Stanley, walipatana riale 5000 kwa vituo 60, kila kituo mwendo wa saa nne. Kwa maelezo ya Tippu Tip mwenyewe, katika masimulizi ya maisha yake aliyoyaandika kwa Kiswahili, ahadi ilikuwa riale 7000. Mimi sioni haja ya kuamua baina yao, ila nastaajabia sharti lile la saa nne, maana linaonyesha kuwa pande zote mbili zilijua vema jinsi msafiri mjanja awezavyo kukifanya kituo kuwa kirefu au kifupi kwa faida yake. Vituo 60 havikutimia. Msitu uliwachosha, ndui na maradhi mengine yakaingia msafarani, na mwisho wa mwaka ule Tippu Tip akageuka kurudi na watu wake, naye Stanley akateremka na mto hata bahari ya magharibi. Katika masimulizi yake Tippu Tip analalamika kwamba malipo hayakuwa kama alivyoahidiwa, na kwamba zawadi iliyomjia kutoka Ulaya ilikuwa picha ya Stanley.

Hata hapa nimesema juu ya waliokuwa na majina katika daftari. Njia ile ile ilipitwa kwa upande wa pili na watu wa Manyema waliotekwa vijijini mwao, wakafungwa minyororo na kutiwa pembe mabegani, na masafa yao hayakuandikwa kwa jina la yeyote miongoni mwao. Wao wenyewe walihesabiwa pamoja na mizigo. Livingstone aliona kwa macho mauaji ya soko la Nyangwe tarehe 15 Julai 1871, na habari hizo alizozipeleka kwao zilichangia kumlazimisha Sultani Barghash kufunga masoko ya watumwa ya Unguja mwaka 1873. Lakini bara, mbali na pwani, biashara iliendelea miaka mingi baadaye. Utajiri wa Kasongo ulijengwa juu ya hayo. Majeshi ya Dola Huru ya Kongo chini ya Dhanis yalipouteka mji mwezi wa Aprili 1893, tabibu wao Mwingereza, Hinde, aliandika kuwa askari wa kawaida walilala usiku ule juu ya magodoro ya hariri na atlasi katika vitanda vya nakshi. Kwamba maghala yalijaa mpunga, kahawa na mahindi. Na kwamba bustani zilikuwa na michungwa, mikomamanga, mipera na mananasi. Yote hayo, mbegu za komamanga na atlasi pia, yaliletwa kwa vichwa vya watu. Mwezi wa Januari 1894 Kabambare nayo ikaanguka, na daftari la Unguja likafungwa kwa upande wa Manyema. Mji wa sasa wa Kasongo haukujengwa pale pale. Mahali pa mji wa Tippu Tip panaitwa Tongoni.

Wabelgiji walileta hesabu nyingine. Kampuni ya reli ya Maziwa Makuu, iliyoundwa mwaka 1902, ilitandika njia ya chuma kutoka Kindu hata Kongolo ikaimaliza mwaka 1910, na mwaka 1915 ikafika ziwani kutoka Kabalo. Lakini reli ya Kindu ilipita magharibi ya Lualaba, na hivyo Kasongo na Kabambare, zilizokuwa katika njia kuu ya nchi, zikawa kando. Sidhani kuwa pana jambo lililoudhuru mji wa Kasongo kuliko hilo, hata vita vya 1893 havikuudhuru hivyo, kwani mji ulioteketea hujengwa upya njia ikiwapo. Ni kwa vyombo hivyo hivyo, meli za mtoni na behewa za reli, ndege za kwanza zilipita Manyema zikiwa zimefungwa masandukuni: mwaka 1916 Wabelgiji walisafirisha ndege nne za majini kutoka pwani ya magharibi hata ziwa Tanganyika, wakaziunganisha karibu na Mtowa, na kutoka hapo wakaenda kuidondoshea mabomu Kigoma, iliyokuwa mikononi mwa Wajerumani. Mtowa ndipo misafara ya Ujiji ilipokuwa ikishukia kwenda Kabambare. Basi mara ya kwanza mtu alipoyakata maji yale kwa njia ya anga, katika dakika badala ya siku, alikwenda kwa kubomoa.

Ndege za abiria zilichelewa. Shirika la Sabena liliundwa mwaka 1923, na mwaka 1925 rubani Edmond Thieffry aliruka kutoka Brussels tarehe 12 Februari akafika Léopoldville tarehe 3 Aprili, siku 51, muda ulio mfupi kuliko ule wa Livingstone baina ya Ujiji na Kabambare. Ilipofika mwaka 1935 Sabena ilikuwa na safari za ratiba katika njia hiyo, zenye kuchukua kiasi cha siku tano na nusu, na tiketi yake haikuwa ya mtu wa Kasongo. Baada ya uhuru likaja Air Congo mwaka 1961, ambalo mwaka 1971 liligeuzwa jina likawa Air Zaïre, na watu wakalitania kuwa ni shirika la huenda: huenda likaruka, huenda lisiruke. Mwaka 1995 lilifilisika. Habari ya ndege iliyolitangaza jina la Manyema ulimwenguni ilikuwa ya msiba: Novemba 1961 Waitalia 13, wanahewa waliowaletea askari wa Umoja wa Mataifa chakula kwa ndege mbili za mizigo, waliuawa Kindu, na mpaka leo jina la Kindu hutajwa Pisa, kilipo kikosi chao, kwa huzuni.

Na leo je? Tangu mwaka 2006, Umoja wa Ulaya ulipotoa orodha ya mashirika yasiyoruhusiwa kuruka katika anga zake, mashirika ya Kongo yamekuwa katika orodha hiyo, na shirika lililomo humo si rahisi lipate washirika wakubwa wa kubadilishana nao maili. Mwezi wa Desemba 2024 Air Congo mpya ilianza kuruka, serikali ikiwa na hisa 51 katika kila mia na Ethiopian Airlines 49. Mmanyema wa Dar es Salaam, mjukuu wa watu waliojenga Msikiti wa Manyema pale Kariakoo, akitaka kwa ndege kwenda kuwaona jamaa zake wa Kasongo, aghalabu atapitia Addis Ababa au Nairobi hadi Kinshasa, kisha arudi mashariki kama kilomita 1200 hata Kindu, na daftari lake litajaa maelfu ya maili kwa sababu tu hakuna ndege ya abiria iendayo moja kwa moja pale walipopita babu zake. Hata hizo maili zimepungua thamani, kwa kuwa tangu mwaka 2015 mashirika makubwa ya Marekani, Delta na United, na American likayafuata mwaka 2016, yameacha kumhesabia mteja masafa yake yakamhesabia fedha alizolipa. Yamerudi kwenye kanuni ya Taria Topan, aliyeangalia pembe zilizofika wala si nyayo zilizochoka. Hongo nayo ingalipo. Tangu mwaka 2009 kila abiria wa Kongo hununua Go-Pass, iliyoanza kwa dola 10 kwa safari ya ndani na 50 kwa ya nje, ili kutengeneza viwanja, na Go-Pass haiandikiwi maili.

Kutoka Kindu hadi Kasongo zimebaki zaidi ya kilomita 200 za barabara, na mbele yake Kabambare. Hapo abiria hushusha sanduku lake, akaliangalia lifungwe kwa mpira juu ya pikipiki nyuma ya dumu la mafuta ya mawese la mtu mwingine, akapatana bei kabla mvua haijanyesha, kwani ikishanyesha bei hupanda na tope huongeza siku. Dereva asiyemjua humtajia ya mgeni. Yule aliyekwisha kumpeleka mara kadhaa humpunguzia bila kuombwa, humkopesha nusu mpaka arudi, na jina lake huliweka kichwani.