Nani Ashike Petroli na Cheche: Kompyuta za Mazda RX-7

Desemba 1991 Mazda ilianza kuuza nchini Japani kizazi cha tatu cha RX-7, gari ambalo wapenzi wake hulitaja kwa herufi mbili tu: FD. Injini yake, 13B-REW, ilikuwa ya lita 1.3, yenye turbo mbili na nguvu za farasi 255, wala haikuwa na pistoni hata moja. Mwezi Juni mwaka huohuo Mazda 787B, yenye injini ya ukoo mmoja na hiyo, ilikuwa imeshinda mbio za saa 24 za Le Mans, ushindi wa kwanza wa kampuni ya Kijapani katika mbio hizo. Basi FD liliingia sokoni likiwa na sifa tele. Pamoja na sifa hizo lilikuja na kompyuta ya injini ambayo wamiliki wengi wangekuja kuichomoa.

Sababu inaanzia ndani ya injini yenyewe. Rota yenye ncha tatu huzunguka ndani ya chumba cha mviringo kilichobinywa kiunoni, na kila ncha hubeba sili nyembamba inayofagia ukuta muda wote. Felix Wankel wa Ujerumani ndiye aliyeleta wazo, kampuni ya NSU ikalifanyia kazi, na Toyo Kogyo ya Hiroshima, ambayo baadaye ndiyo Mazda, ikanunua haki ya kulitumia. Timu ya mhandisi Kenichi Yamamoto ilisumbuliwa mno na mikwaruzo ambayo sili ziliiacha ukutani. Wenyewe waliiita kucha za shetani. Waliishinda, na mwaka 1967 wakauza Cosmo Sport. Ila udhaifu mmoja ulibaki, na turbo ikauzidisha: petroli ikilipuka kabla ya wakati wake, sili huvunjika. Injini ya pistoni inaweza kugonga kwa muda na bado ikakufikisha nyumbani. Rota yenye turbo huenda isikupe nafasi ya kuachia mafuta, na ikishapoteza sili, hakuna tiba ila kuishusha na kuifungua yote.

Sasa tazama kazi iliyopewa ile kompyuta ya kiwandani. FD lina nozeli nne: mbili za awali, kila moja ikitoa sentimita za ujazo 550 kwa dakika, na mbili kubwa za 850 zinazoamka mzigo ukizidi. Kila rota ina plagi mbili, moja hutangulia na nyingine hufuata, na mwachano wa cheche zake lazima upimwe kwa uangalifu. Turbo ya kwanza hufanya kazi peke yake hadi kama mizunguko 4,500 kwa dakika, kisha ya pili huingia. Mabadilishano hayo huongozwa na vali za umeme na msitu wa mipira ya hewa unaowatoa mafundi jasho hadi leo. Juu ya hayo kuna pampu inayodondosha oili kidogo ndani ya injini ili kulainisha sili, nayo pia huamriwa na kompyuta. Shafti ikifika mizunguko 8,000, kila rota huwaka zaidi ya mara 130 kwa sekunde. Kwa gari kama lilivyotoka kiwandani, kisanduku kile kiliiweza kazi hii.

Taabu ilianza na ekzosi. Mwenye gari aliondoa kichujio cha kwanza cha moshi, ambacho kweli kilikuwa kikipasha joto kila kilichokizunguka, akafunga paipu pana. Moshi ukatoka kwa uhuru, turbo zikazunguka kwa nguvu zaidi, na mlango mdogo wa kupunguzia gesi ukashindwa kuzizuia. Shinikizo, lililopangwa kuwa kama psi 10, likapanda bila mtu kuliomba. Kompyuta ya kiwandani ilijua jambo moja la kufanya: shinikizo likipita kikomo, kata mafuta. Wamiliki waliona ni kero, na wapo waliotafuta vifaa vya kuizima. Kwa maoni yangu hapo ndipo injini nyingi zilipouawa, kwa mkono wa mwenye mali.

Tiba za mwanzo zilikuwa za ujanja. Wapo walioifungua kompyuta ya kiwandani wakabadilisha programu yake, kisha wakaifunga tena. Mteja akibadilisha turbo kesho, arudi tena dukani. Wengine walifunga visanduku vidogo vya kuidanganya sensa ili kompyuta imwage petroli zaidi au kidogo. Uongo huo ulisaidia kwa mabadiliko madogo, lakini kompyuta inayodanganywa kuhusu hewa huweza kukosea na wakati wa cheche pia.

Ndipo kampuni ya Kijapani A'PEXi ikaleta Power FC. Ilichukua nafasi ya kompyuta ya kiwandani nzima na ikapokea plagi zilezile za waya, bila kukata wayaringi. Iliendelea kuziongoza turbo mbili kwa zamu na pampu ya oili. Petroli na cheche zilipangwa katika majedwali ya safu 20 kwa 20, kasi ya injini upande mmoja na shinikizo upande wa pili, na kidude cha mkononi chenye skrini kilimwonyesha dereva joto la maji, shinikizo na dalili za injini kugonga. Sasa mtu wa kawaida aliweza kuona, akiwa amekaa kitini, kile injini inachokilalamikia.

Australia ilikuwa na njia yake. Haltech ilikuwapo tangu 1986, MoTeC ikafuata mwaka mmoja baadaye, na MicroTech ilijijengea jina miongoni mwa watu wa rota katika mbio za kuchuana kwa mwendo mfupi. Visanduku hivi vilihitaji wayaringi mpya, fundi mvumilivu na saa nyingi kwenye mashine ya kupimia nguvu. Mwenye FD aliyebaki na turbo zake mbili aliona ni usumbufu wa bure. Lakini wengi walianza kuzing'oa hizo mbili na kufunga moja kubwa, na kwa tendo hilo ule msitu wa mipira ukawa hauna kazi, pamoja na faida kubwa kuliko zote ya Power FC. Hapo kisanduku cha Australia kikawa na maana: ingizo nyingi za sensa, na uwezo wa kuzima injini chenyewe mchanganyiko ukipungukiwa petroli au shinikizo la oili likishuka. Swali la pampu ya oili lilizua mabishano marefu. Baadhi waliitoa kabisa, wakawa wanachanganya oili ya injini za viharusi viwili ndani ya tangi kila wanapojaza petroli.

Mwaka 2001 Wamarekani wawili, Bruce Bowling na Al Grippo, walileta MegaSquirt, kompyuta ya kujiungia mwenyewe kwa kulehemu vipande, na mwenye pesa kidogo akapata mlango. Kwa FD, ambalo kosa moja la jedwali hugharimu injini nzima, nadhani nafuu hiyo ilikuwa ya kuhesabiwa mara mbili.

Ukiyapitia masimulizi ya uchaguzi huu, sifa za visanduku hazikuamua mambo kama wauzaji walivyodhani. Fundi ndiye aliyeamua. Aliyeishi karibu na karakana iliyozoea Power FC alinunua Power FC. Wa Sydney alifunga kilichokuwa kwenye laptopu ya fundi wake. Na walikuwa na haki, kwa kuwa jedwali la kuanzia linalokuja ndani ya kisanduku halijui turbo yako, joto la mji wako wala petroli ya kituo chako.

FD la mwisho lilitengenezwa 2002. Haltech siku hizi huuza waya za kuunganishia ambazo upande mmoja huingia kwenye kompyuta yao mpya, na upande wa pili kwenye plagi zilezile za kiwandani. Huuzwa kwa aina mbili, kwa sababu Mazda ilibadilisha kompyuta mwaka 1996 ilipohamia biti 16, kwa hiyo jambo la kwanza muuzaji atakalokuuliza ni gari lako ni la mwaka gani.