Ansari na Ngawira ya Hunayn

Ndugu msomaji, ikiwa una duka na vijana wawili wa kukusaidia, au una jahazi na mabaharia wake, au umepewa chuo na walimu walio chini yako, basi kisa hiki ni chako. Wengi wetu tukimwona mtumishi amepoa moyo, husema: ana tamaa huyu, ataka kuongezwa mshahara. Huenda ikawa hivyo. Lakini tarehe ya Uislamu yatuonyesha kwamba mtu aweza kununa kwa ajili ya mali, na dawa yake isiwe mali.

Katika Ramadhani ya mwaka wa 8 wa Hijra (630), Mtume Muhammad (s.a.w.) aliingia Makka na watu 10,000. Punde akatoka kuwakabili Hawazin na Thaqif, na watu 2,000 wa Makka wakafuatana naye, wengi wao Waislamu wa juzi tu. Walipoteremka bonde la Hunayn alfajiri, adui alikuwa amekwisha kujificha kwenye magenge. Mishale ikawanyeshea na jeshi likarudi mbio, Mtume akabaki na wachache. Akamwamrisha ami yake Abbas, ambaye sauti yake ilikuwa kubwa, awaite watu waliofunga ahadi chini ya mti kule Hudaybiya, na awaite Ansari. Wakaitika labeka. Aliyeshindwa kumgeuza ngamia wake aliruka chini na upanga mkononi akaja kwa miguu. Vita vikageuka.

Ansari, kama ujuavyo, ni wale watu wa Madina waliompokea Mtume alipofukuzwa kwao. Ndio walioitwa saa ya dhiki, nao wakaja.

Sasa tazama saa ya neema. Wanavyuoni wa sira wametupokelea kwamba ngawira ya siku ile ilikuwa ngamia 24,000, kondoo na mbuzi zaidi ya 40,000, na wakiya 4,000 za fedha. Mtume aliporudi kutoka kuizingira Taif, aligawa mali hiyo pale Jiirana. Abu Sufyan alipewa ngamia 100, Hakim bin Hizam 100, Uyayna bin Hisn 100, Aqraa bin Habis 100, na wakubwa wengine kama hao. Ansari hawakupata kitu.

Hekima yake ilikuwa wazi kwa aliyepewa kuiona: wale wakubwa imani yao ilikuwa changa, na mali ingewatuliza wao na makabila yao. Lakini Ansari, hasa vijana wao, hawakuiona mara moja. Wakanong'ona kwamba Mtume sasa amekutana na jamaa zake, na panga zetu bado zatona damu ya hao hao wanaopewa.

Mkubwa wao, Saad bin Ubada (r.a.), hakungoja. Alikwenda moja kwa moja kwa Mtume akamweleza yanayosemwa. Mtume akamuuliza: na wewe, Saad, umesimama wapi? Akajibu kwamba yeye ni mmoja tu katika watu wake. Wasimamizi wangapi leo wangejibu hivyo mbele ya tajiri? Wengi wangeapa kuwa wao hawamo. Wala katika riwaya hatuoni kwamba Mtume alitaka kutajiwa majina ya walionena.

Alisema wakusanywe, Ansari peke yao. Alipoambiwa yumo mtoto wa dada yao, akasema huyo ni wao. Kisha akawauliza juu ya maneno yaliyomfikia, akawakumbusha walivyokuwa wapotevu Mwenyezi Mungu akawaongoa kwa yeye, na maadui akawaunganisha. Wakakiri. Kisha akafanya jambo ambalo mabwana wengi hawaliwezi: akawasemea haki yao kwa kinywa chake mwenyewe. Mngependa, aliwaambia, mngesema, na mngekuwa wakweli, kwamba nilikujieni nimekadhibishwa mkanisadiki, nimefukuzwa mkanipa makazi. Ndipo akawauliza kama hawaridhiki watu wengine waende zao na kondoo na ngamia, na wao warudi kwao na Mtume wa Mwenyezi Mungu. Akawaombea rehema, wao na watoto wao na wajukuu wao. Wakalia mpaka ndevu zikarowa, wakasema: tumeridhika.

Ngamia hata mmoja hakuongezwa mtu.

Nilipokuwa kijana nikisomesha katika chuo kimoja, mkubwa wetu alimleta mwalimu mgeni, akampa chumba na posho kutupita sisi tuliokuwa pale miaka. Hatukuambiwa neno. Baadaye sana nilipata kujua kwamba mgeni yule alikuwa akilea mayatima wa ndugu yake. Laiti tungalijua, tungalimchangia sisi wenyewe! Lakini wakati huo tulikuwa tumekwisha kuondoka, mimi na mwenzangu, na wanafunzi wakatawanyika.

Mtume naye alikuwa na njia ya kubaki Makka, mji aliozaliwa, uliokuwa mkononi mwake, penye Al-Kaaba. Alimweka Attab bin Asid aushike mji huo, naye akarudi Madina pamoja na Ansari, kama alivyowaambia. Aliishi kwao mpaka alipofariki mwaka wa 11 wa Hijra (632), na kaburi lake liko huko.