Mawaziri wa Fedha Machoni pa Mkulima wa Ufipa

Uchaguzi mkuu wa Tanzania hufanyika Oktoba, na rais mpya kwa kawaida huapishwa Novemba. Ufipani, mkoani Rukwa, huo ndio mwezi mvua zinapoanza na mkulima anapohangaikia mfuko wa mbolea ya kupandia. Ali Hassan Mwinyi aliapishwa tarehe 5 Novemba 1985, Benjamin Mkapa tarehe 23 Novemba 1995 na John Magufuli tarehe 5 Novemba 2015. Jakaya Kikwete pekee alisogea hadi 21 Desemba 2005, kwa kuwa kura ziliahirishwa baada ya mgombea mwenza mmoja kufariki. Kwa hiyo majina ya watakaoshika hazina husomwa redioni wakati mbegu inaingia ardhini, na bajeti yao ya kwanza husomwa Juni, mahindi yakiwa yanavunwa. Mpiga kura wa huku, awe wa kata ya Malangali mjini Sumbawanga au wa vijijini upande wa Laela, huwapima kwa miezi hiyo miwili zaidi ya shahada zao.

Zamani hapakuwa na cha kuwapimia mawaziri. Wafipa walilima ulezi na maharage kwenye vilima vidogo vya udongo vilivyofukiwa nyasi, intumba, na nyasi zikioza ndizo zilizokuwa mbolea. Mahindi ya kuuza yalishika kasi katikati ya miaka ya 1970, Mkoa wa Rukwa ukiwa umeanzishwa mwaka 1974. Serikali ilipanga bei moja ya mahindi nchi nzima, na Shirika la Usagishaji la Taifa, NMC, likabeba gharama ya kuyasafirisha. Mkulima wa Sumbawanga akalipwa sawa na wa jirani na Dar es Salaam, ingawa gunia lake lilisafiri zaidi ya kilomita 1,000. Mbolea nayo ilikuwa na ruzuku. Mawaziri wa fedha wa zama hizo, Amir Jamal na Cleopa Msuya, hawakuhitaji kujieleza sana huku. Umbali ulikuwa mzigo wa serikali.

Lakini mzigo huo uliielemea NMC kwa madeni, na wakulima wakazoea kusubiri malipo. Hazina nayo ilibanwa: mwaka 1979 Edwin Mtei, gavana wa kwanza wa Benki Kuu na wakati huo waziri wa fedha, alijiuzulu baada ya kutofautiana na Mwalimu Nyerere kuhusu masharti ya Shirika la Fedha la Kimataifa.

Mwaka 1985 mpiga kura alikuwa na jina moja tu la urais, la kuliitikia ndiyo au hapana. Mwinyi alipoingia, aliyeshika fedha alikuwa yuleyule Msuya, na hapo ndipo mashaka yalipopata mizizi: mtu hakubadilika, sera ikageuka. Mwaka 1986 makubaliano na Shirika la Fedha yalifikiwa, na dola iliyokuwa takriban shilingi 17 ikafika 40. Nguo na sabuni zilirudi madukani, jambo ambalo hakuna aliyelilalamikia. Ila bei moja ya taifa iliondoka, na mwanzoni mwa miaka ya 1990 ruzuku ya mbolea ikafuata. Umbali ukarudi mabegani mwa mkulima. Mnunuzi akawa mfanyabiashara mwenye lori, na kipimo kikawa lumbesa: gunia lililojaa hadi mdomoni, likaongezewa kichwa na kushonewa kamba, likalipwa kama gunia moja. Sheria ya vipimo inakikataza kichwa hicho, lakini kimewaona mawaziri wengi wakija na kuondoka.

Timu ya Mkapa ilianza vibaya. Waziri wake wa fedha, Profesa Simon Mbilinyi, alijiuzulu mwaka 1996 kufuatia sakata la misamaha ya kodi. Hata hivyo Mamlaka ya Mapato ilianza kazi mwaka huohuo, na mfumuko wa bei uliokuwa juu ya asilimia 25 ulishuka hadi takriban 6 kufikia mwaka 2000. Sifa hiyo inastahili, lakini kwa anayeuza chakula ina upande wa pili: unga wa bei nafuu mjini, ambao waziri wa fedha huutaja kwa fahari bungeni, shambani ni ujira uliopungua.

Mgongano huo ulionekana wazi zaidi mpakani. Tunduma ni karibu, na wateja wa Zambia na Kongo hulipa. Barabara ya lami ya Tunduma hadi Sumbawanga, iliyogharamiwa na Marekani wakati wa Kikwete, ilirahisisha safari; vocha za pembejeo nazo zilienea msimu wa 2008/09. Lakini mwaka 2011, na tena 2017, serikali ilizuia mahindi kuuzwa nje. Baada ya zuio la pili bei ilianguka nyanda za juu kusini, mahindi yakiwa tele na wanunuzi wachache. Chini ya Magufuli waziri wa fedha alikuwa Dk. Philip Mpango, mchumi aliyetoka Tume ya Mipango. Jina lake lilitangazwa tarehe 23 Desemba 2015, zaidi ya wiki moja baada ya sehemu kubwa ya baraza, wakati mahindi ya Ufipa yakiwa yameshapandwa.

Samia Suluhu Hassan aliingia madarakani Machi 2021 bila uchaguzi, na Mwigulu Nchemba akapewa wizara ya fedha mwisho wa mwezi huo. Bei ya mbolea duniani ilipanda msimu uliofuata. Mfuko wa kilo 50 wa urea ukavuka shilingi 100,000, na wengi walipanda bila mbolea. Ruzuku ya shilingi bilioni 150 ilitengwa kwa mwaka wa fedha 2022/23, na Agosti 2022 mfuko ukashushwa hadi shilingi 70,000 kwa mkulima aliyesajiliwa, na bei hiyo ilitangazwa kabla ya mvua.