Nevirapini na Watoto Wachanga wa Nyanda za Juu Kusini

Miaka ya 1970 iliziunganisha Mbeya na Iringa na bandari na migodi: barabara kuu ya Zambia ilikamilika, na reli ya TAZARA ikaanza kazi. Madereva, wafanyabiashara wa mbao na vibarua wa mashamba ya chai ya Mufindi wakapitia Makambako hadi Tunduma. Ukimwi ulipobainika nchini mwaka 1983, kule Kagera, njia zake za kusini zilikuwa zimekwisha kutandikwa. Utafiti wa kitaifa wa 2003–04 ulikuta zaidi ya asilimia 13 ya watu wazima wa mikoa hii miwili wana virusi, ilhali wastani wa taifa ulikuwa 7.

Mtoto wa zama za mwanzo hakuwa na dawa. Pasipo kinga, kati ya watoto 15 na 45 katika kila 100 wa akina mama wenye virusi huambukizwa tumboni, leba au kwa kunyonya. Mwaka 1994 watafiti wa Marekani na Ufaransa walithibitisha kuwa zidovudini hushusha maambukizi kutoka asilimia 25.5 hadi 8.3. Lakini ilihitaji vidonge mara tano kwa siku, dripu leba na wiki 6 za dawa ya maji kwa mtoto. Zahanati ya Ludewa ingeyatoa wapi hayo?

Jibu lilitoka jirani. Mwaka 1999 utafiti wa hospitali ya Mulago, Kampala, ulionyesha kuwa kidonge kimoja cha nevirapini kwa mama uchungu unapoanza, na dozi moja ya maji kwa mtoto ndani ya saa 72, hupunguza maambukizi kwa karibu nusu. Tangu 2000 Tanzania ilijaribu huduma ya kuzuia maambukizi kwa mtoto katika hospitali tano, Rufaa ya Mbeya ikiwamo. Urahisi wa nevirapini ndio uliokuwa nguvu yake, maana wakati huo takriban nusu ya akina mama nchini walijifungulia nyumbani. Ndio pia uliokuwa kasoro yake: dozi moja huacha virusi sugu. Dawa mseto zikafuata, na utafiti uliofanywa Kyela ukakuta usugu haukutoweka kabisa.

Mageuzi makubwa zaidi yalikuja 2013, dawa za kufubaza virusi (ARV) zilipoanza kutolewa kwa kila mjamzito mwenye virusi, kwa maisha yake yote. Mtoto naye hupewa nevirapini kila siku kwa wiki 6, au 12 akiwa katika hatari kubwa.

Kinga, hata hivyo, si tiba. Mwaka 2008 utafiti wa Afrika Kusini ulionyesha kuwa kuwaanzishia ARV mapema watoto walioambukizwa hupunguza vifo kwa asilimia 76. Ili kuwahi matibabu hayo, kituo cha Mbeya cha Taasisi ya Taifa ya Utafiti wa Magonjwa ya Binadamu (NIMR) kikashiriki kujaribu upimaji wa mtoto palepale anapozaliwa. Leo dolutegraviri ya watoto, kidonge kinachoyeyuka majini, huanza mtoto akiwa na wiki 4 na kilo 3. Kabla ya hapo, mtoto aliyeambukizwa huweza kupewa nevirapini, ikichanganywa na dawa nyingine.